Glavu za Shangazi na Tumbo la Mama

Shangazi yangu, dada yake baba, alifanya kazi miaka thelathini na moja katika chumba kisichozidi ukubwa wa jiko la nyumba ya kawaida, nyuma ya chumba cha upasuaji, akiosha glavu. Ukimwambia mtu leo kwamba glavu za daktari zilikuwa zikioshwa na kuvaliwa tena, anakukodolea macho kana kwamba umemtukania ukoo. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Zilikuwa chache, na kitu kilicho kichache hakitupwi. Zilimfikia ndani ya ndoo, zimelowa damu. Alizitumbukiza kwenye dawa, akazisugua kwa sabuni ndani na nje, kisha akazijaza hewa moja moja na kuzizamisha majini aone kama zinatoa mapovu. Iliyotoboka ilipelekwa kwa wasafisha vyoo. Iliyo nzima ilianikwa kwenye kamba, na mgeni aliyefungua mlango ule bila kuonywa akakuta mikono hamsini inaning'inia alikuwa na haki ya kupiga yowe.

Zikishakauka ndipo ilipokuja poda. Mpira mkavu bila poda unajishika wenyewe, na daktari atahangaika nao mpaka mgonjwa azeeke. Shangazi alitia poda ndani ya kila glavu, akazipanga jozi jozi, akazifunga kwenye kitambaa na kuziingiza katika mashine ya mvuke. Alikuwa na mkono wa poda kama wapishi wengine walivyo na mkono wa chumvi. Hata kope zake zilikuwa nyeupe, na hospitali nzima ilimwita Poda, kuanzia bawabu hadi daktari mkuu.

"Glavu zangu zinaingia zenyewe," alikuwa akijisifu. "Daktari anyooshe mkono tu. Chema chajiuza."

Aliyemtibua alikuwa sista mkuu wa chumba cha upasuaji, mwanamke mfupi asiyecheka na mtu. Sista alikuja na amri kwamba kila daktari akishavaa glavu asuuze mikono kwenye mabakuli mawili ya maji yaliyochemshwa, kisha aifute kwa kitambaa kibichi mpaka isibaki chembe. Alieleza sababu pia. Ndani ya tumbo kila kitu kinateleza juu ya mwenzake. Poda ikiingia humo mwili unaiona adui, unaizungushia utando wa kovu, na vilivyokuwa vikiteleza vinaanza kugandana. Utumbo unaweza kujikunja, ukashikana, ukaziba. Kuweka yale mabakuli mezani ilikuwa kazi ya shangazi, na aliifanya, lakini ilimchoma.

"Hebu fikiria," alimwambia mama siku moja wakimenya viazi. "Mtu umempikia, halafu anakiosha chakula mbele yako kabla hajala!"

Mama alicheka mpaka kisu kikamdondoka. Walikuwa mawifi wanaopendana, jambo ambalo watu huliapia lakini ni wachache waliowahi kuliona. Baba alizoea kusema kwamba yeye ndiye mgeni katika ndoa yake.

Mama aliposhika mimba yangu aliambiwa mapema kwamba nyonga zake ni nyembamba, na huenda akajifungua kwa upasuaji. Shangazi hakungoja. Alichagua jozi moja ya glavu mpya kabisa, ambazo hazijavaliwa na mtu, akazitia poda mara mbili ya kawaida, kwa heshima, akazifunga kwenye kitambaa chake na kuzipitisha kwenye mvuke. Akaziweka pembeni kwa ajili ya wifi yake. Kosa lake lilianzia hapo, nami kila nikilifikiria nashindwa kulichukia, maana lilifanywa kwa mapenzi.

Siku ya kuzaliwa kwangu nilikuwa na matatizo, na watu wa nyumbani wanasema sijaacha. Mapigo yangu ya moyo yalikuwa yakishuka. Mama aliingizwa mbiombio. Sista mkuu alikuwa likizo, na daktari wa zamu alikuwa kijana aliyekuwa na miezi mitatu tu pale. Shangazi alisimama mlangoni ameushika mkono wa wifi yake, akimwambia usiogope, usiogope, na dakika ambazo alipaswa kuzitumia kuweka mabakuli zikaishia kwenye huo mkono. Daktari alivaa zile glavu maalumu. Ziliingia zenyewe. Kisha akageuka.

"Maji ya kusuuzia yako wapi?"

Kuyaleta ni dakika tatu, nne. Mkunga alikuwa akihesabu mapigo yangu kwa sauti. Shangazi angeweza kusema, nimesahau, daktari. Angeweza kumwachia yeye aamue, maana huenda naye angesema liwalo na liwe, mtoto kwanza. Lakini kiburi cha miaka yote kilikuwa karibu zaidi na ulimi.

"Hizo hazihitaji, daktari. Nimezitengeneza mwenyewe."

Kijana wa watu akamwamini. Nani asingemwamini Poda?

Nilitoka mzima, nikalia, wote wakashangilia. Mama alikuwa amepoteza damu nyingi. Siku ya pili muuguzi alimwambia ainuke atembee, kwa kuwa kutembea kunauamsha utumbo. Akajaribu, akaanguka kando ya kitanda. Wakamlaza tena, na alilala siku nne. Bibi yangu, mama mzaa baba, alizihesabu siku hizo moja moja. Bibi alikuwa mtu mwema mwenye mdomo mbaya. Yeye alijifungua watoto saba na, kwa maelezo yake mwenyewe, kila safari alirudi shambani kabla kitovu hakijakauka.

Nilipokuwa na miaka miwili tumbo la mama lilivimba ghafla. Alitapika kutwa, hakupata choo wala upepo. Wakamfungua tena. Safari hii alikuwa daktari mzee, na alipomaliza alitoka hadi ukumbini, ambako walikuwa wamesimama baba, bibi na shangazi. Alisema utumbo ulikuwa umeshikana na kovu la ndani, ameuachanisha, na mgonjwa atapona, ila huenda hali hiyo ikajirudia.

"Ni kulala, si ndiyo, daktari?" bibi akadakia. "Aliambiwa atembee, akalala."

"Huwezi kujua, mama. Huenda ni damu iliyobaki, huenda ni poda, huenda ni mwili wenyewe. Mara nyingi tumbo likifunguliwa hushikana hata ukifanya kila kitu sawasawa."

Akaenda zake. Bibi hakuwa amesikia lolote la kumfaa. Akamgeukia binti yake.

"Wewe ndiye wa hospitali. Tuambie kwa lugha yetu. Ni kulala?"

Shangazi amenisimulia kwamba alikuwa amelisikia neno "poda" likipita masikioni mwake. Alidhani kila mtu ukumbini anamtazama kope. Akasema, "Kulala nako kunachangia, mama."

Hivyo tu. Si uongo ukilichunguza neno kwa neno. Lakini bibi alichukua "kulala" akaacha "nako", akarudi nalo nyumbani, na kabla mama hajatolewa nyuzi ukoo mzima ulijua kwamba mke wa fulani amejigandisha matumbo kwa uvivu. Bibi akampa jina: Mama Godoro.

Jina likapendwa. Majirani walilichukua, wajomba wakalichukua. Mgeni akija wakati mama anapumzika, kuna mtu angesema, "Mwacheni Mama Godoro, yuko kazini." Mwanzoni mama alijitetea. Alisema nilianguka jamani, nilikuwa sina damu. Watu wakacheka zaidi. Mwishoni akanyamaza, na kimya chake nacho kikahesabiwa kuwa ni kukiri. Mimi nilijifunza jina lile pamoja na maneno yangu ya kwanza, na nililitumia kwa ustadi. Nikitumwa dukani nilikuwa nikisema, "Aende Mama Godoro, anyooshe utumbo." Nilipata vicheko vingi kwa sentensi hiyo.

Kwa baba halikuwa mzaha. Yeye alimpenda mkewe na alimwogopea. Tumbo la mama lilikuwa likimkaba mara mbili tatu kwa mwezi, maumivu ya kumkunja kama ngumi. Baba alikuwa akimwinua kitandani, akamshika kwapani na kumtembeza kutoka ukutani hadi ukutani huku mama akilia kwamba anataka kujilaza tu, dakika tano tu. "Tembea, mke wangu," alikuwa akisema. "Ukilala utashikana tena." Nilikuwa nikiwasikia kutoka chumba cha pili, na nilikuwa nikimkasirikia mama.

Shangazi naye alibadilika. Yule aliyekuwa akinuna kwa sababu ya mabakuli sasa aliyaweka matatu. Alipunguza poda mpaka madaktari wakalalamika kwamba glavu zinawabana. Alisimama kwenye kizingiti cha chumba cha upasuaji, mahali ambapo si pa muosha glavu, akawaambia watu wenye shahada zao ukutani, "Suuza tena, daktari. Hapo kwenye kiganja bado." Mmoja alimfokea. Shangazi hakuondoka mpaka akasuuza. Hata zilipokuja glavu za kutumia mara moja na kutupa, zisizo na poda kabisa, alikuwa akizipangusa kwa kidole na kukitazama kidole. Siku ya kustaafu walimpa cheti cha uangalifu. Alikifungia kabatini kikiwa kimeangalia ubao.

Na kwetu alikuwa akija kila wiki. Alimfulia mama, alimkanda mgongo, alimletea matunda laini yasiyomsumbua tumbo. Tulisema, wifi gani huyu! Ulikuwa upendo, sibishi. Lakini bibi alipotamka "Mama Godoro", shangazi kila mara aliinuka kwenda kuangalia kitu jikoni, hata kama jikoni hakukuwa na kitu motoni. Nililiona hilo nikiwa mtoto na nikadhani ni kibofu.

Bibi alifariki miaka miwili iliyopita. Mwaka huu tumbo la mama liliziba tena, na daktari akapanga kumfungua kwa mara ya tatu. Mchana wa siku iliyotangulia upasuaji, nilikuwa wodini nikimkata mama kucha. Shangazi aliketi upande wa pili, mkoba magotini, hajauweka chini tangu aingie.

"Wifi," akasema, "kabla hujaingia kuna neno."

Akalisema lote. Glavu mpya, poda mara mbili, mabakuli, "nimezitengeneza mwenyewe", hata swali la bibi kule ukumbini na jibu alilompa. Hakulia, na alizungumza kwa sauti ya mtu anayetoa maelezo kituoni. Mimi niliacha kukata kucha nikabaki nimeshika kidole cha mama.

Mama alimsikiliza akitazama dari. "Kwa hiyo ni poda," akasema.

"Sijui, wifi. Wallahi sijui. Daktari alisema huwezi kujua. Miaka ishirini na mitano najiuliza, na sitajua mpaka nafukiwa."

"Basi hilo nimelisamehe," mama akasema. Alilisema upesi hivyo, mpaka shangazi akainua uso. "Ulinipenda, ulijisahau, na mwanangu huyu hapa. Siwezi kumhukumu mtu kwa jambo ambalo hata daktari halijui. Lakini pale ukumbini mama mkwe alipokuuliza, hukuwa na haraka. Hakukuwa na mtoto anayekufa. Ulijua mimi nilianguka, wewe ndiye uliyeniokota. Ulijua. Ukasema kulala."

"Nilisema kulala nako..."

"Usiniletee hiyo nako."

Shangazi akaubana mkoba wake.

"Nilikuwa nikitaka kusema," akaanza tena. "Kila mwaka. Halafu nikaona limekuwa mzaha, watu wanacheka, wewe mwenyewe umenyamaza. Nikadhani yamepita."

"Mwenye kovu usidhani kapoa, wifi. Wewe wa hospitali hukuambiwa hilo?" Mama alitaka kucheka, tumbo likamkataza. "Aliyenipa jina lile amekufa akiniita nalo. Nilimuogesha mama yako miezi minane, hajiwezi, na asubuhi aliyokata roho aliniambia, Godoro, nigeuze. Hukuweza kumwambia hata hapo? Angekufa akijua ninaitwa nani."

Sikuwahi kumwona mtu mzima akipungua, lakini nilimwona shangazi. Na mimi sikupata pa kuweka macho, kwa sababu yote aliyokuwa akiambiwa yeye yalikuwa na nakala yangu.

Wakati wa kutazama wagonjwa baba akaja na chupa ya chai. Hajakaa, mama akasema, "Wifi, mwambie kaka yako."

"Leo, wifi? Kesho unaingia..."

"Mwambie."

Akamwambia. Hakuruka kitu, hata ukumbi na swali la bibi. Baba alisikiliza akiwa amesimama. Nilitegemea afoke, maana kwetu baba ndiye mwenye hasira. Akaiweka chupa kwenye kabati dogo la kitanda, akaifungua, akaifunga.

"Mimi nilikuwa namwinua," akasema. "Anaomba dakika tano. Nilikuwa namwinua analia."

Kengele ya kumaliza muda ikalia, naye akatoka na chupa yake haijapungua hata kikombe.

Mama aliingia kesho yake asubuhi. Upasuaji ulichukua saa tatu na nusu. Tulikaa kwenye benchi la ukumbi ule ule, baba mwanzo, mimi katikati, shangazi mwisho. Daktari, mwanamke, alitoka akatuambia utumbo umeachanishwa wote, haukutoboka, na amelaza kati yake na ukuta wa tumbo utando maalumu unaoyeyuka wenyewe baada ya siku chache, ili visigusane wakati vinapona. "Sasa lililobaki ni lake mwenyewe," akasema. "Mapema iwezekanavyo aanze kuinuka. Mnisaidie kumhimiza."

Mnisaidie kumhimiza. Alitutazama akingoja tuitikie, na sisi tuliangalia viatu vyetu.

Siku ya pili baada ya hapo, saa nne asubuhi, muuguzi alikuja kitandani akapandisha mto, akaweka kandambili chini. Alimpima mama damu na presha, akasema safari hii viko vizuri, hakuna kisingizio. Kisha akaitwa kitanda cha jirani. "Ninyi ndugu, mwamsheni," akasema akikimbia. "Atembee hadi mlangoni na kurudi."

Tulikuwa watatu tumesimama. Nilimwona baba akiitazama mikono yake, ile iliyokuwa ikimshika mkewe kwapani, kisha akaificha nyuma. Nami nilikuwa na neno "inuka" tayari mdomoni, lakini nilijua lingetoka na sauti yangu ya miaka yote. Mama alituangalia mmoja mmoja. Alikuwa na maumivu, midomo imemkauka, na godoro lilikuwa laini chini yake. Dakika zikapita. Kila dakika aliyolala ilikuwa inamdhuru, na sisi tuliomwimbia ainuke robo karne hatukuthubutu kumwambia siku ambayo ilikuwa kweli.

Shangazi ndiye aliyesogea.

"Wifi," akasema, "najua mimi ndiye wa mwisho mwenye haki ya kukwambia hivi. Inuka."

Mama akamkazia macho.

"Nitainuka," akajibu. "Lakini si kwa sababu umesema wewe."

Akajigeuza ubavu, akateremsha mguu mmoja, akauma meno, akateremsha wa pili. Shangazi alimnyooshea mkono, ule mkono wa poda, safi, mkavu, kucha zimekatwa hadi nyamani. Mama aliutazama. Kisha akaupita, akashika nguzo ya dripu, akasimama.